Jiwe la Kivukoni

Jioni hiyo nilitumwa kuleta jiwe moja tu.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa hamsini na sita, majira ya baridi na manyunyu. Mimi, Kimeu, nilikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Mke wangu Ndila alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, tukampa jina la mama yangu, Ngina. Tulikaa chumba cha mwisho kwenye laini za wafanyakazi, pale ambapo mibuni inakaribia kugusa mlango.

Kwa miezi minne sikuwa nimebeba kahawa. Nilikuwa nabeba mawe.

Memsabu, mke wa mwenye shamba, alikuwa ameletewa kutoka kwao kitabu chenye picha za bustani za mawe. Akaingiwa na hamu ya kuwa na yake, kwenye mteremko ulio mbele ya nyumba. Mumewe alikuwa mbali wiki nyingi kwa kazi za serikali za wakati ule wa vita vya msituni, na nadhani upweke ulimchosha. Alitaka mawe makubwa, ya ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Hakutaka jiwe lililopasuliwa, wala lililochubuka.

Tulikuwa watu watatu. Mimi na trekta langu. Mukonyo, Mkamba mwenzangu wa Kangundo, mwenye nguvu za fahali na mdomo usiofungwa. Na Kagwe, Mkikuyu mtu mzima, fundi wa mawe tangu ujana wake. Kagwe ndiye aliyetufundisha kazi. Thuluthi ya jiwe lazima izikwe. Upande wenye ukoga uangalie juu, na mistari ya mawe yote ielekee upande mmoja, ili mtu akitazama adhani yameota hapo yenyewe. Mnyororo tuliuviringia magunia usije ukalichuna jiwe. Katikati ya mawe memsabu alipanda mishubiri na maua madogo ya zambarau, kwa mikono yake mwenyewe, amepiga magoti matopeni kama sisi.

Mawe arobaini tulikuwa tumeshaleta. Lilibaki la katikati.

Hilo memsabu alilichagua mwenyewe. Aliliona akipita na farasi kwenye kivuko cha zamani cha mto Ndarugu, akalichora kwenye karatasi. Lilikuwa na umbo la mgongo wa mtu aliyeketi akainamisha kichwa magotini. Kagwe alipoiona karatasi aliirudisha upesi. Halafu akasema kwamba lile jiwe lina mpasuko, halifai, litavunjika njiani. Memsabu akamjibu kwamba alilikagua na halina mpasuko wowote, na kwamba analitaka kabla ya Jumapili.

Tulifika kivukoni saa kumi na moja na nusu. Hapakuwa na nyumba tena upande ule. Watu wote wa ukingo ule walikuwa wamehamishwa kwa nguvu miaka miwili nyuma, wakafungiwa katika kijiji kimoja chenye handaki na miti iliyochongwa. Makao yao yalichomwa. Magugu yalikuwa yamefika kifuani. Hapakuwa hata na ndege.

Jiwe lilikuwa limeketi.

Sina neno jingine. Mawe mengine hulala. Lile lilikuwa limeketi. Juu yake palikuwa na kishimo kama bakuli, na ndani ya kishimo punje chache za wimbi, kuukuu, zimeota ukungu. Mukonyo akazipulizia mbali, akasema hata ndege wa huku wana ghala.

Kagwe akamshika mkono. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Hizo ungeziacha."

Nikamuuliza kuna nini. Akasema yeye ni mtu wa kanisa na hana la kusema, ila kama ingekuwa hiari yake tungerudi na kusema trekta limekwama. Lakini haikuwa hiari yake. Pasi iliyomruhusu kutoka kijijini ilikuwa na sahihi ya memsabu. Bila pasi ile angerudishwa kizuizini, alikokaa mwaka mzima na kupoteza meno manne. Sote tulilijua hilo. Akachukua mtaimbo.

Tukaingiza mitaimbo chini. Nilitarajia tutoe jasho mpaka giza liingie. Jiwe lile halingepungua ratili elfu tatu.

Lilinyanyuka kama kifuniko cha sufuria.

Kukatoka pumzi. Hewa ya vuguvugu kutoka shimoni, na harufu yake naijua. Ni harufu ya kinywa cha mtu ambaye hajala siku nyingi. Mimi nimezaliwa Ukambani. Nimekua na harufu ile.

Hatukuangalia ndani. Tulilivingirisha kwenye trela, tukalifunga, tukaondoka. Kagwe alitembea kwa miguu mbele ya trekta. Mukonyo alipanda trela.

Kwenye mlima trekta likaanza kulia. Mzigo uliokuwa mwepesi ulikuwa unazidi kuwa mzito... unazidi... hata magurudumu ya mbele yakataka kuinuka. Ndipo nikasikia mtu akisema nyuma ya shingo yangu, kwa Kikamba chetu, Kikamba cha wazee:

"Mwanangu, nyumbani mmepika?"

Nikajibu bila kugeuka kwamba Ndila amepika maharagwe. Nilidhani ni Mukonyo anatania. Tulipofika juu nikamwambia aache kuiga sauti za akina mama. Akaniangalia. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Sijasema kitu," akasema. "Nilidhani ni wewe unaongea peke yako."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Nilimwambia kwangu kumepikwa.

Jumamosi tukaizika thuluthi ya jiwe katikati ya bustani. Memsabu alifurahi. Alilizunguka, akalipapasa, akaketi juu yake akamwambia mpishi amletee chai hapo hapo. Kwa kweli bustani ilikuwa imependeza. Mimi mwenyewe niliona fahari. Niliporudi laini, Ndila akaniambia kwa furaha kwamba tulikuwa na mgeni.

Mwanamke wa kwetu, akasema, mama mtu mzima, aliyejifunika shuka kuukuu mpaka usoni, mtoto mgongoni. Alipita jua lilipokuwa linazama. Alisalimu vizuri kwa Kikamba, akasema ametoka safari ndefu na kwamba mimi ndiye niliyemwelekeza. Ndila alimpa maharagwe yote yaliyokuwa chunguni. Alikula amesimama, nje ya mlango.

Nilitaka kumwambia ya kivukoni, lakini Ndila alikuwa amekaa peke yake miezi mingi katika laini ambayo wanawake wengine walizungumza Kikikuyu na Kijaluo, na sasa uso wake ulikuwa umechangamka. Nikamwuliza tu kama mtoto wa yule mama alilia.

"Hakulia hata kidogo," akasema. "Mtoto mzuri kabisa."

Wiki ile Mukonyo akaanza kula. Posho ya wiki aliimaliza siku mbili. Akaomba kwa jirani, akala, akaomba tena. Mwanzoni tulicheka. Lakini kadiri alivyokula ndivyo mashavu yalivyoingia ndani. Shati likamning'inia. Aliniambia akimeza chakula anakisikia kikishuka, kikishuka, kama jiwe linalotupwa kisimani, na hasikii likigonga maji.

Na mpishi wa nyumba kubwa akanieleza mambo ya memsabu. Akasema anakula kwa mikono, jikoni, amesimama. Mikate anaificha chini ya mto wa kitanda. Nguo zake za kupanda farasi zimekuwa kama za mtu mwingine. Kila jua likishuka anatoka na sahani, anaenda kuketi juu ya jiwe, na sahani inarudi imelambwa.

Kwangu mgeni alikuja kila jioni. Sikumkuta hata mara moja. Nikiwahi kurudi, hakuja. Nikichelewa dakika chache, namkuta Ndila akiosha bakuli.

Siku ya kumi na mbili nilimkuta Ndila ameketi kitandani, nguo wazi kifuani. Akaniambia mama yule aliingia ndani. Alisema maziwa yake yamekauka tangu njiani, na mtoto hajanyonya. Akamwomba.

"Nisingeweza kumkatalia, baba Ngina," akasema. "Ni mtoto."

Nikamwuliza mtoto alikuwaje.

Alijifunika kifua kwanza.

"Baridi," akasema. "Na ana meno."

Tangu siku ile maziwa ya Ndila yakakatika. Ngina alilia usiku kucha na mchana kutwa, halafu akalia kidogo, halafu akaacha kulia. Nilimnunulia maziwa ya ng'ombe, akayanywa yote. Shingo yake ikawa nyembamba kama kikonyo cha boga. Nikamkataza Ndila kufungua mlango. Akaniambia amejaribu kuufunga na kwamba mlango haukusaidia.

Mukonyo tulimkuta asubuhi moja ndani ya ghala la posho. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia lililopasuliwa. Mbavu zake zilihesabika kwa mbali, tumbo limevimba ngozi ikang'aa. Mdomo ulikuwa umejaa unga mkavu, na macho yalikuwa wazi, yanatazama gunia jingine. Msaidizi wa dawa pale shambani akasema ni minyoo. Tulimzika bila maneno mengi. Kwenye kaburi Kagwe akaja karibu nami, akasema Jumapili nifuatane naye kijijini, kuna mtu lazima nimwone. Mikono yake iliyoshika kofia ilikuwa imekonda pia.

Mtu mwenyewe alikuwa mama yake, Waceke, ambaye watu wote walimwita cucu, yaani bibi, mwanamke mzee sana anayelala katika kibanda kimoja na watu wengine saba. Gadi wa langoni alitupekua na kutuachia. Cucu hakunipa mkono. Alizungumza Kikikuyu, na Kagwe akawa ananieleza kwa Kiswahili bila kuniangalia.

Alikuwa msichana mdogo, akasema, mwaka wa ile njaa kubwa, kabla reli haijafika Nairobi. Wakamba walivuka Ndarugu kwa makundi kuja kutafuta chakula, na wengi waliacha mabinti zao kwenye boma za watu ili wapate cha kubeba. Mwishoni huku pia chakula kikaisha. Ndipo akaja mwanamke mmoja, wa mwisho, peke yake, na mtoto mgongoni. Akasimama kwenye kila mlango wa ukingo ule. Kila mlango ulimjibu jambo moja: kesho.

"Kwetu pia," Waceke akasema. "Mama yangu alikuwa na wimbi chini ya kitanda. Mimi nililiona. Akamwambia, njoo kesho."

Yule mwanamke akaenda kuketi kivukoni asubiri kesho. Alifia pale ameketi, na mtoto wake mgongoni. Fisi hawakumgusa. Na jioni iliyofuata... alikuwa mlangoni. Siku ya tatu mtoto wa kwanza wa ukingo ule alikauka. Walipokufa wanane, mganga mmoja aliyeitwa kutoka mbali aliwaambia wamwekee jiwe juu yake, na kila anayepita aweke punje moja kishimoni.

Nikauliza kama punje zile zilikuwa za kumlisha.

Waceke akatikisa kichwa. Punje moja haimshibishi mtu. Punje ilikuwa njia ya kumwambia kesho. Kwa miaka hamsini na zaidi walimwambia kesho, kila siku, naye akaamini. Halafu serikali ikawaondoa watu wote kwenye ukingo ule, na hakuna aliyeruhusiwa kurudi hata kuchuma mboga. Kwa miaka miwili hakuna aliyemjibu.

Nikamwuliza tufanye nini. Akasema turudishe jiwe mahali pake, na juu yake tuweke wimbi. Nikashukuru. Nilikuwa nimeshasimama niondoke, ndipo Kagwe akamweleza jambo ambalo nilikuwa nimemwambia njiani, kwamba mke wangu alimnyonyesha yule mtoto.

Cucu aliinua uso. Akatamka maneno machache, kisha akajigeuza kuelekea ukutani, akajifunika blanketi.

Kagwe hakutaka kunieleza. Tulikuwa tumeshapita lango la kijiji aliposema.

"Anasema hakuna mtu aliyewahi kumpa yule mgeni kitu. Kwa hiyo yeye cucu hajui mgeni akishapewa anaondokaje."

Tulikwenda siku ile ile, saa kumi, bila ruhusa ya mtu. Nilijua nitafukuzwa na Kagwe alijua atarudishwa kizuizini, lakini alikuja. Memsabu alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu mitupu. Sikumtambua mara moja. Nywele zilikuwa zimemtoka vipande vipande, na shingoni mishipa ilionekana kama kamba. Nikavua kofia, nikamwambia tunalirudisha.

Sikutegemea alivyofanya. Aliteremka taratibu akatupisha. Akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni:

"Chukua jiwe. Yeye hapana hapa tena."

Halafu akacheka, kidogo tu, akaanza kung'oa mshubiri mmoja na kuutafuna, na utomvu ukamtiririka kidevuni.

Jiwe lilikuwa zito. Zito la kweli, zito kama jiwe. Tulikatika migongo, mimi na Kagwe, tukitumia mnyororo, winchi ya trekta na magogo, tukalichuna vibaya ubavuni na wala hatukujali. Njia nzima trekta halikulia isivyo kawaida. Hakuna aliyesema kitu nyuma ya shingo yangu. Na kadiri tulivyokaribia mto ndivyo nilivyozidi kuelewa kwamba tulikuwa tumebeba jiwe tupu.

Shimo lilikuwa wazi kama tulivyoliacha. Safari hii niliangalia. Hapakuwa na mifupa. Palikuwa na udongo uliosuguka mpaka ukang'aa, kama sakafu ya nyumba inayokaliwa na mtu siku zote. Tukalisukumia jiwe juu. Kagwe akatoa wimbi mfukoni akalimwaga lote kishimoni, akasali kwa Mungu wa kanisa lake, kisha akasali maneno mengine ambayo hayakuwa ya kanisa. Nilimwacha hapo, nikakimbia na trekta kwenda nyumbani, na jua lilikuwa linazama.

Ndila alikuwa ameketi mlangoni. Kifua cha nguo yake kilikuwa kimelowa.

Maziwa yalikuwa yamerudi. Yalikuwa yanatiririka mpaka magotini. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa muda wa kuvuka kizingiti. Ndani, Ngina alikuwa kitandani, amefunikwa vizuri, mkono mmoja kifuani. Alikuwa ameshapoa.

"Maziwa yalikuja baada ya yeye kupoa," Ndila akasema nyuma yangu. "Si kabla."

Kagwe walimkamata wiki ile ile kwa kukosa pasi. Sikumwona tena. Memsabu alipelekwa kwao kwa meli, nasikia, na hakufika. Mimi sikufukuzwa, niliondoka mwenyewe. Nikapata kazi ya kiwandani Thika, nikapanga chumba katika nyumba za safu, mbali na mto, mbali na mawe. Nilichagua chumba chenye majirani pande zote mbili.

Jioni ya nne mgeni alifika.

Safari hii sikukubali. Nilimchukua Ndila nikampeleka kwa ndugu zake Ukambani, nikafunga chumba nikabaki peke yangu. Kwa jioni tatu palikuwa kimya kabisa. Ya nne nilimsikia mama mmoja, Idah, wa mlango wa pili, akimkaribisha mtu. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano, mnene, anayependwa na safu nzima. Baada ya wiki mbili nilikuwa naisikia sauti ya mtoto yule ikipungua, ukutani, kila usiku.

Nilivumilia siku nne zaidi. Nasema kweli, nilivumilia siku nne. Halafu nikapanda gari kwenda kumrudisha Ndila.

Hakuniuliza kwa nini. Alikusanya nguo zake.

Mtoto wa Idah alinenepa tena. Idah alichinja kuku, akatuletea mguu, akasema tangu Ndila arudi safu nzima imepata baraka. Huu ni mwaka wa tatu. Maziwa ya Ndila hayajakauka hata siku moja, ingawa yeye mwenyewe amebaki macho na mifupa. Jua likishuka mimi hutoka nje, nikaketi kwenye ngazi, mgongo kwa mlango. Majirani hunisalimia. Ndani husikika maji ya bakuli, maneno ya Kikamba ya chini kwa chini, halafu kunyonya. Polepole. Hakuna haraka.

Sasa Ndila ana mimba. Hatukuitaka wala hatukuijua mapema, kwa sababu mwili wake haukuonyesha. Mimi si wa kwanza kuambiwa. Aliniambia jana kwamba mgeni ndiye aliyemfunulia. Alimwekea mkono tumboni, mkono mkavu na mwepesi, akauacha hapo muda mrefu, na mara hii hakuomba chochote.

Nikamwuliza Ndila mgeni alisema nini.

"Aliuliza ni lini."

Nikamwuliza yeye akamjibu nini. Hakunitazama. Alikuwa anapanga bakuli mbili mezani, kwa sababu kulikuwa kunakaribia magharibi.

"Nilimwambia kesho," akasema. "Akacheka."